Kiwiko cha Nyiramana, Mtwanga Sombe wa Mbugangari

Saa tatu asubuhi, mkono wa kulia wa Nyiramana umelala juu ya mto mweupe, kiganja kimetazama chini. Miwani mizito ya kijani imemficha nusu ya uso. Kando yake amekaa Gatesi, mtaalamu wa tiba ya viungo ambaye wagonjwa wa hapa Gisenyi humwita "kine", kama walivyozoea kwa Kifaransa. Anagusisha kifaa kinene kama kalamu ya mtoto kwenye upande wa nje wa kiwiko. Nukta nyekundu inatokeza juu ya ngozi.

"Unasikia chochote, mama?" anauliza Gatesi.

"Sisikii kitu," anajibu Nyiramana. "Ile siku ya kwanza nilifikiri itaniunguza. Nilikuwa nasoma dua kimoyomoyo. Kumbe ni mwanga tu, iko pale, inafanya kazi yake bila kelele."

Gatesi anasogeza kifaa kidogo, anasubiri, anasogeza tena. Huo ndio mwanga wa leza, tiba ambayo Nyiramana, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, hakuwahi kuisikia mpaka kiwiko kilipomshinda kabisa. Amekuja hapa kwa sababu ya kazi moja aliyoifanya tangu alipoolewa: kutwanga sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Mbugangari, mtaa anaokaa hapa Gisenyi, humkosi mtu anayeujua mlango wake. Majani yanafika na gari asubuhi, yanachambuliwa, yanaingia kwenye kinu cha mti kilichosimama uani mwake. Wateja wanakuja na mabakuli na sufuria zao, wanapimiwa, wanaondoka kwenda kupika na mawese na karanga. Mashine za kusaga sombe zipo mjini, tena nyingi. Lakini kuna watu wanaopita mashine mbili barabarani ili wafike kwa Nyiramana.

"Ya mashine inakuwa maji-maji," anasema. "Ile ya kinu unaisikia kwenye ulimi. Mutu akila, anajua hapa mutu alitwanga."

Kwa miaka mingi mtu huyo hakuwa mmoja. Walikuwa wawili kwenye kinu kimoja: Nyiramana na wifi yake Bushira, mdogo wa mumewe. Nyiramana alipoletwa bibi harusi katika nyumba hiyo, Bushira alikuwa msichana aliyekwisha kuijua kazi, na ndiye aliyempa mchi wa kwanza mkononi.

Mchi mmoja ulipopanda, mwingine ulishuka. Hawakuhesabu. Walizungumza humo humo katikati ya mapigo, mmoja akianza habari na mwingine akiimalizia, na majirani walizoea kusema kwamba ukitaka kujua mambo ya Mbugangari, simama nje ya ukuta ule usikilize.

"Tulilia pale, tulicheka pale," anasema Nyiramana. "Mama yangu alipokufa, siku za matanga zilipoisha, Bushira hakuniambia pole. Alinipa mchi. Tukatwanga mpaka nikaweza kuongea."

Miaka miwili iliyopita mume wa Bushira alipata kazi ya udereva Kamembe, ng'ambo ya kusini ya ziwa ambalo Gisenyi imekaa ufukweni mwake. Bushira akafunga mizigo, akachukua watoto, akapanda boti. Mchi wake aliuegemeza ukutani na kusema atakuja kuufuata. Hajarudi.

Nyiramana hakumtafuta mwingine. Wateja walikuwa wale wale, kinu kilikuwa kile kile, naye akaibeba kazi ya watu wawili kwa mkono mmoja. Miezi michache baadaye yalianza maumivu: kwanza kama mwiba upande wa nje wa kiwiko, kisha moto unaoteremka hadi kwenye kifundo cha mkono. Akashindwa kukamua nguo. Akashindwa kuinua birika la chai.

Mumewe, Mudathiru, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa akimmiminia maji ya udhu. "Nilikuwa nashika birika, yeye ananyoosha mikono," anasimulia Mudathiru. "Hakuwa anasema kitu. Lakini mi niliona uso wake. Mutu alizoea kuinua mchi, sasa anashindwa na birika."

Walijaribu yale ambayo kila mtu hujaribu. Maji ya moto na chumvi. Mafuta ya kuchua. Vidonge vya dukani. Sindano moja aliyochomwa kwenye kiwiko ilimpa nafuu, akafurahi, akarudi kwenye kinu, na maumivu yakarudi makali kuliko mwanzo. Ndipo mteja wake mmoja, aliyetibiwa bega kwa Gatesi, akamwelekeza.

Gatesi alikulia Tanzania, wilaya ya Karagwe, na Kiswahili chake kinatembea kwa utulivu mahali ambapo cha Nyiramana kinakimbia. Hapendi kuisifia mashine yake kupita kiasi.

"Leza inasaidia kutuliza maumivu na kuipa kano nafasi ya kupona. Kano ni ile kamba inayoushikiza msuli kwenye mfupa," anaeleza. "Wengine inawasaidia sana, wengine kidogo. Ndiyo maana haiji peke yake. Inakuja na mazoezi, na inakuja na kupumzika. Hapo kwenye kupumzika ndipo tunapogombana na wagonjwa."

Na kwa Nyiramana pia, hapo ndipo mambo yalipokwama.

Wiki za kwanza zilikwenda vizuri. Alikuja kwenye mwanga mara mbili kwa wiki, na nyumbani alishika chupa ya maji, kiganja chini, akaishusha polepole kama alivyofundishwa. Uani walikuwa wakiuza sombe iliyosagwa kwa mashine, na wateja walinunua kwa kumhurumia. Siku moja aliamka, akainua birika, akamimina chai, na mkono haukumuuma. Alilitazama birika lile kwa muda mrefu.

Ijumaa hiyo, Mudathiru alipokwenda msikitini, Nyiramana alijaza kinu majani na kuchukua mchi.

"Sikuwa nataka pesa," anasema. "Nilikuwa na hamu. Tu hamu. Ile sauti ilikuwa imepotea humu ndani, nyumba imekuwa kama ya mutu mwingine. Nikasema, bon, sawa, kidogo tu."

Kidogo kikawa kinu kizima. Kesho yake hakuweza kushika kijiko.

Aliporudi kwa Gatesi alikaa kwenye kiti bila kuvua kanga ya mabegani, kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Akaeleza alichofanya. Gatesi hakumkaripia. Alikishika kiwiko, akakibonyeza pole pole, kisha akamuuliza swali ambalo hakuwa amewahi kumuuliza.

"Mama, zamani zote hizo ulikuwa unamaliza kinu peke yako?"

"Hapana. Tulikuwa wawili."

"Na maumivu yalianza lini?"

Nyiramana akasema, "Bushira alipoondoka."

Hapo alianza kulia, na akalia sana, huku Gatesi ameushika mkono wake ule ule mbovu. Alipotulia, Gatesi alimwambia jambo ambalo Nyiramana anasema bado linamrudia anapolala na anapoamka.

"Mkono wako tutaupoza. Mwanga unaweza, mazoezi yanaweza, na wewe una nguvu. Lakini ukirudia kazi ya watu wawili, utarudi kwenye kiti hiki. Mashine yangu haiwezi kukuletea mtu wa upande wa pili."

Jioni ile alipiga simu Kamembe. Kwa miaka miwili walikuwa wakisalimiana tu, hali ya watoto, hali ya mvua, kwa sababu kila mmoja aliogopa kumliza mwenzake. Safari hii Nyiramana alisema waziwazi.

"Rudi, Bushira. Mukono wangu umekufa."

"Dada, na mi ninakuwaza," akasema Bushira. "Huku nanunua ya mashine, nakula bila kuisikia. Lakini niko na mume, niko na watoto kwa shule. Nitawaacha na nani?"

Nyiramana anasema hakumkasirikia. "Alisema kweli. Na mi ningekuwa yeye, ningesema vile vile. Lakini kweli nayo inauma, tena kuliko kiwiko."

Mlango wa pili kutoka kwake anakaa Alliance, mama wa makamo aliyezaliwa Goma, Mkristo, muuzaji wa mawese na karanga. Wateja wa sombe ni wateja wake pia. Tangu Bushira aondoke, Alliance alikuwa amejitolea zaidi ya mara moja kushika mchi wa pili, na kila mara Nyiramana alimshukuru na kukataa. Ile ilikuwa nafasi ya mtu.

Wiki chache baada ya simu ile, mkono ukiwa umetulia tena na Gatesi amemruhusu kujaribu kidogo, pamoja na mwenzake tu, Nyiramana alikwenda mwenyewe hadi kwenye meza ya mawese.

"Bado unataka?" akamuuliza.

"Kutwanga? Siku nyingi!" Alliance akajibu, akapangusa mikono yenye mafuta.

Siku ya kwanza michi iligongana. Ya pili pia. Alliance alikuwa na haraka, anashusha kabla mwenzake hajainua, na majani yakarukia ukutani. Nyiramana alikuwa akisimama, anaanza upya. Mara mbili alimwita "Bushira" bila kujua, na Alliance akaitika.

"Nilijua si jina langu," anasema Alliance akicheka kidogo. "Lakini ningefanya nini? Kama ninashika mchi ya mutu, niitike na jina yake."

Sasa wanatwanga asubuhi tu, kinu kisichojaa, kisha wanapumzika. Wateja wa mchana bado wanapewa ya mashine. Nyiramana bado anakuja kwenye mwanga, mara moja kwa wiki, na Gatesi anasema nguvu za kushika zinarudi, ingawa hatathubutu kumwahidi kwamba mkono utakuwa ule wa ujana. Kuna asubuhi ambazo kiwiko kinaamka kabla ya mwenyewe.

Wiki iliyopita Bushira alipiga simu wakiwa katikati ya kazi. Mudathiru akaishika simu karibu na kinu ili wifi hao wazungumze. Bushira alisikiliza mapigo kwanza.

"Huyo nani anawahi?" akauliza.

"Ni Alliance wa mawese."

Nyiramana anasema aliusimamisha mchi hewani, kama aliyefumaniwa.

"Mwambie asiinue kwa bega," akasema Bushira, na sauti yake ilikuwa imelowa machozi. "Ainue kwa kiuno. Atakuzoea."

Mwanga wa leo ukizimwa, Nyiramana anavua miwani ya kijani na kuirudisha kwa Gatesi. Anakunja mkono, anaunyoosha, anaukunja tena, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Wamekubaliana kwamba mkono ukiendelea hivi mpaka mwisho wa mfungo wa Ramadhani, ataruhusiwa kusafiri, na ameshaulizia boti ya Kamembe inaondoka siku gani.

"Siendi kumurudisha," anasema huku akijifunga kanga. "Yule iko na nyumba yake. Nitabeba majani tu, mabichi. Kama kule jirani yake iko na kinu, tutaazima. Tutwange kidogo, siku moja, mi na yeye. Halafu nitapanda boti, nirudi kwa Alliance."

Anafika mlangoni, anageuka.

"Dokta, kidogo inaruhusiwa, si ndiyo?"

"Mkiwa wawili," anasema Gatesi, "inaruhusiwa."