Stovu Aliyoichagua Mama

Mwalimu wa klabu ya kupanda mlima alisema kila kundi lichague stovu yake, kwa kuwa kule msituni hakuna ruhusa ya kukoka moto wa kuni. Shule ingelipa, lakini mchaguaji ndiye angeibeba mgongoni. Kundi letu lilikuwa la wasichana watatu. Wenzangu wawili wakanigeukia papo hapo.

"Huyu wa Makongeni," mmoja akasema. "Kwao chumba ndicho jikoni, jikoni ndiko kitandani. Stovu anaijua kuliko atakavyomjua mumewe!"

Darasa likacheka. Mimi nikisemeshwa mbele za watu shingo hupata moto na maneno hunikaukia, kwa hiyo nikaitikia kwa kichwa tu. Hawakujua kwamba mwaka uliotangulia stovu ilimuua mdogo wangu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote shuleni. Ningeanzia wapi?

Ilikuwa stovu ya utambi, ya mafuta ya taa, kama za laini yetu yote ya nyumba za reli. Mafuta yalikuwa yamechanganywa na petroli huko yalikotoka. Ililipuka Mama akiwa ameipa mgongo, na mtoto yuko kitandani. Tangu hapo laini nzima ilianza desturi: jioni, kabla watoto hawajalala, stovu inafunguliwa, mafuta yanamiminwa kwenye chupa, na chupa inalala nje. Hata wazee wa reli wasiojua kuchemsha chai walifanya hivyo. Kwetu stovu haikurudi tena. Mama alipikia makaa barazani, na mvua ikinyesha alipika ameshika mwavuli.

Nilipomwambia habari za mlima nilikuwa tayari kukatazwa. Aliendelea kukata sukuma wiki. Alipomaliza akasema, "Nitaenda nawe dukani. Nikiiona hiyo stovu, nitajua kama utaenda au hutaenda."

Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu wa Pumwani, aliyeuza vitu walivyoacha Wazungu waliorudi kwao: mahema, mabuti, mifuko ya kulalia. Stovu ya kwanza aliyotuwekea mezani ilikuwa ya shaba, ya kupampu, ya mafuta ya taa. Mama alirudi nyuma mpaka akagonga mlango. Mzee akaiondoa bila kuuliza kitu.

"Basi tazameni za gesi. Shika hii, mwanangu."

Kilikuwa kichwa tu cha stovu, na vijikono vya chuma vinavyokunjwa. Unakikaza juu ya kopo la gesi, sindano yake inatoboa kopo, unawasha. Kikikunjwa kiliingia kwenye ngumi yangu, chepesi kama yai. Nilijiona napanda mlima napumua vizuri kama wengine, siburuti miguu nyuma. Nilikitaka sana.

Mama akamwambia mzee akikaze juu ya kopo tupu, akaweka sufuria juu yake, akaisukuma kwa kidole. Vyote vikaanguka.

"Hii imemla nani?"

"Aa, mama, hii haijamla mtu."

"Bado."

Mzee akacheka, akamwona uso, akaacha. Akatoa nyingine, ambayo kopo lake linakaa ndani ya kitako kipana cha bati. Mama akaisukuma kwa kidole, kisha kwa kiganja. Haikwenda popote.

"Hii."

"Mama, ni nzito. Na haikunjiki. Wenzangu watanisema."

"Wakuseme ukiwa hai."

Mzee akatuonya kwamba kopo likishatobolewa lisifunguliwe mpaka gesi iishe kabisa, maana litamwaga gesi yote nje. Mama akamfanya arudie.

Alasiri hiyo nikachemsha chai chumbani, mlango wazi. Mama alisimama barazani karibu na jiko lake la makaa, maharagwe yakitokota. Moto ulikuwa wa buluu, hauna moshi. Chai ilipochemka akaingia, akaketi kitandani, akanywa kikombe kizima.

"Hainuki," akasema. Halafu akasema, "Utahitaji soksi nzito."

Akatoka kwenda kuazima soksi kwa jirani. Mimi nikachukua vikombe kwenda bombani. Nakumbuka nilikuwa natabasamu peke yangu kwenye foleni, na mimi si mtu wa kutabasamu njiani.

Baba akarudi kutoka karakana ya reli. Yeye hakuwa dukani. Aliona stovu kando ya kitanda na jioni inaingia, na mikono yake ikafanya ilichofanya mikono ya laini nzima kila jioni. Akaibeba hadi mlangoni ili amimine mafuta nje, akaifungua.

Makaa yalikuwa palepale barazani.

Nilisikia mvumo, kama mtu anayekung'uta blanketi zito. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ndani, nalisema hilo mapema. Nilipofika pazia lilikuwa linawaka na Baba analivuta chini kwa mikono yake. Majirani wakamwaga mchanga. Ngozi ya mkono wake wa kulia ilikuwa imechunika.

"Nilikuwa namwaga mafuta," alimwambia kila aliyefika. "Namwaga mafuta tu."

"Lakini baba watoto, nyusi nazo umezimwaga wapi?" jirani mmoja akajaribu. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Mama alikuja na soksi mkononi. Hakupiga yowe. Alimtazama Baba, akanitazama mimi, akageuka, akazirudisha soksi kwa mwenyewe.

Jumatatu niliipeleka stovu shuleni. Ilikuwa nzima, imeungua rangi upande mmoja. Wenzangu wakaanza, "Ebu ona! Tulikutuma stovu, umetuletea sinki?" Nikawaeleza jinsi ya kuitumia, na kwa nini kopo lisifunguliwe. Nikawaambia habari za Baba, halafu, sijui ilikuwaje, nikawaambia na za mdogo wangu. Shingo haikupata moto. Yule aliyenitania darasani akaichukua stovu kwa mikono miwili, akasema ataibeba yeye.

Walipokuwa mlimani nilikuwa namlisha Baba ugali, kwa sababu mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji. Alitafuna akitazama ukuta.

"Kule juu kuna baridi," akasema siku moja. "Eti maji yanaganda."

Nikamwambia sijui, nikamkatia tonge lingine.