Maombi ya Kufunga Mkutano Mitunguu

Kampuni yetu ilikuwa ya watu wawili, na hata hao wawili siku nyingi walikuwa wamenuniana. Mwenzangu tulisoma naye shule ya Kaaga. Tulikodi chumba mjini Meru, juu ya duka la dawa za mifugo, tukaunda programu moja tu ya simu: wakulima wa ndizi wanaandika nani ana mikungu iliyokomaa, mnunuzi anaona, lori linakuja. Ilikuwa kazi nzuri, nasema bila haya.

Kikundi cha kina mama wa Mitunguu ndicho kilichotuweka hai. Mwanzoni tuliandikisha kila shamba kwa jina la baba, kama wasomi wa mjini, tukasahau kwamba kwetu ndizi ni za mama. Wanaume wakaanza kupokea ujumbe kwamba mikungu iko tayari, wakadai pesa, na nyumba zikawaka moto wa ugomvi. Tukarekebisha upesi. Tangu hapo tukajaa kiburi: kampuni gani ya ng'ambo ingejua jambo kama hilo?

Ikaja. Ilikuwa kampuni kubwa ambayo programu zake zimo katika kila simu, na hii mpya ilikuwa ya bure, tena na habari za mvua juu yake. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga. Sisi tukasimama katikati ya barabara. Mwenzangu akasema hao hawajui ndizi ni za nani. Kumbe hawakuhitaji kujua. Wakati huo kila mama alikuwa na simu yake, na programu yao ilimwandikisha mwenye simu, basi.

Kikundi kilipoitisha mkutano wa kuamua kama watabaki nasi au watahamia kwao, tulishuka Mitunguu tukijua kwamba bila wao tunafunga. Mwenyekiti alikuwa mama aliyenifundisha Sunday school. Tulieleza mpaka koo likakauka. Hakuna aliyepinga. Walitupa chai na nduma za kuchemsha, wakatusifu, wakauliza habari za wazazi wetu. Mwenzangu akaninong'oneza kwamba mambo ni mazuri. Mimi niliweka kikombe chini, kwa maana kwetu mtoto wa nyumbani hakataliwi usoni. Analishwa kwanza. Jibu lake linawekwa ndani ya maombi, macho yakiwa yamefungwa, mahali ambapo hawezi kubishana.

Mwenyekiti akasimama kufunga mkutano.

"Baba Mungu, tunasema asante juu ya hawa vijana wetu. Walitusaidia wakati hatukuwa na mtu. Sasa Baba, wafungulie mlango ingine. Wapate kazi ya kuandikwa, wasikuwe wanahangaika hivi, waoe, wajenge."

Nilikasirika hadi masikio yakawa moto. Miaka yetu yote ilikuwa inazikwa pale, tena kwa upole, na wanaoizika walikuwa wanatupenda kweli. Nilitaka kusimama niseme jambo, lakini utampinga vipi mtu anayekuombea? Nikabaki nimeinamisha kichwa, nikiangalia viatu vyangu vilivyojaa vumbi.

Kina mama wakaitika amina. Sauti moja ilikuwa kubwa kuliko zote, nayo ilitoka kando yangu. Nilipogeuka nilimwona mwenzangu, ambaye tangu shuleni hakuwa mtu wa maombi, bado amefumba macho, uso umetulia kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.