Mbavu za Kondoo za Mama wa Nkome

Juzi nilipita Runzewe nikaingia kwenye bucha la kisasa, lile la vigae na msumeno wa umeme. Mbavu za kondoo zimepangwa kwenye friji la kioo, safi kabisa. Nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akaniangalia vibaya. Ningemweleza vipi, ndugu yangu?

Mama aliyenizaa alifariki nikiwa natambaa. Nililelewa na bibi, mama yake baba, mpaka baba alipooa mwanamke wa Nkome, binti wa wavuvi. Jioni alinisuka huku akiimba, na mimi nilimwomba Mungu asiondoke.

Sababu ya kuomba ilikuwepo. Nyumbani kwetu, kwenye mifugo, mke mgeni aliwapikia wakwe nyama aliyoichagua mwenyewe, na mashangazi walikuwa wanakuja kuonja. Wakimkataa, baba hakuwa mtu wa kubishana na dada zake.

Siku ya mnada tulikwenda wawili, mimi na huyo mama yangu mpya. Bibi alikuwa amenifundisha kwamba mafuta yawe meupe na mbavu ziwe nyembamba, maana kondoo mzee ana mbavu pana. Kabla sijafungua mdomo, mama akamwambia muuza nyama, "Shikamoo baba. Kichwa chake kiko wapi? Nataka nione macho." Kwao ziwani samaki huchaguliwa kwa macho. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu zao wenyewe. Kichwa kililetwa, akakikagua kwa makini, kisha akanunua mbavu za kondoo mzee kuliko wote.

Akazipika kama samaki sato: ndimu, nyanya, moto kidogo, akaepua. Harufu nzuri ajabu, lakini kutafuna sasa! Shangazi mkubwa aliuvuta ubavu kwa meno ukamponyoka, ukatumbukia kwenye bakuli la mlenda.

"Huyu mtamrudisha lini kwao?" akauliza. Mama akainamisha kichwa. Mimi roho mkononi.

Bibi, mwenye meno ya kuhesabika, aliendelea kutafuna mpaka akameza. "Wabeja, mkamwana," akamshukuru kwa Kisukuma. "Ndimu kwenye kondoo sikuijua. Inakata ile shombo yake." Kisha akawageukia mashangazi: "Ugali wangu wa kwanza hapa hata mbuzi waliukataa. Na bado nipo."

Akainuka, akaongeza maji na chumvi, akarudisha sufuria motoni. Wakakaa jikoni yeye na mama, wakichochea kuni na kucheka, mpaka nyama ikaachia mfupa. Tulikula jua likizama, na shangazi mkubwa aliomba aongezewe.

Bibi ametangulia. Ada ile ya kumpima mke kwa sufuria nayo imekufa, wala siililii. Namlilia bibi, na namshukuru, maana bila yeye ningekua bila mama. Alipougua, mashangazi walifika na uji wao, akafunga mdomo. "Mwacheni binti yangu anilishe," akasema.

Mabinti zake wote wa kuzaa walikuwa wamesimama pale. Wakampisha mama.