Madera ya Zambarau

Mie mvua hainikoseshi kupendeza. Masika yakianza hapa Mwananyamala, wenzangu huvaa chochote kilichochakaa wakasema ni tope tu. Mie natoka na gauni la rangi iliyokolea, limeishia chini kidogo ya goti lisije likafagia njia, yeboyebo miguuni, viatu vya kisigino ndani ya mfuko. Nikifika niendako naosha miguu kwa maji ya chupa, nabadilisha, naingia. Watu huniulizaga nimepita njia gani. Nawajibu, ileile mliyopita nyie.

Kwa hiyo mdogo wangu wa kike alipoposwa na harusi ikaangukia masika, kazi ya kuchagua sare ya wanawake nilipewa mie. Nikachukua batiki ya zambarau, inang'aa hiyo, tushone madera. Mama akakishika kitambaa, akakisugua kwa kidole gumba.

"Umeshakiloweka kwenye chumvi?"

Kwetu batiki mpya hulowekwa kwanza kwenye maji ya chumvi, rangi ishike. Lakini nani hajui kwamba ikishaingia majini haing'ai tena vile?

"Mama, tunavaa kipya bwana, siyo kilichofuliwa."

"Haya. Asiyesikia la mkuu..." Hakuimalizia. Siku ileile nikakipeleka kwa fundi.

Siku ya harusi ndoa ikafungwa vizuri, tukala pilau, halafu mbingu zikafunguka. Gari la bwana harusi likaishia barabarani, maana uchochoro wetu ulijaa maji, na Kigamboni wakwe wanamsubiri bibi harusi na shela lake jeupe. Shela lile mama alilichagua mwenyewe, akalikagua uzi kwa uzi. Kumbe ndipo zamu yangu ilipofika. Nikamvalisha mdogo wangu mabuti ya mvua ya jirani muuza samaki. Nikalikunja shela mpaka magotini, nikalibana kwa pini, nikalizungushia nailoni, miamvuli miwili juu. Akatoka hana hata tone. Vigelegele! Sie wengine tukamfuata nyuma, tunaimba, tunalowa, hatujali.

Katikati ya uchochoro jirani mmoja akapiga kelele, "Jamani, miguu yangu!"

Ilikuwa ya zambarau. Nikatazama yangu: zambarau. Mikono, shingo, mpaka ndani ya kucha. Kundi zima la wanawake linachuja rangi kama chai, na wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mie sikucheka. Kila mmoja pale alikuwa anasubiri kumkumbatia bibi harusi.

Nikakimbilia mbele, nikatanua mikono. "Hakuna kumgusa! Mpungieni tu!"

"Weee, umetupaka rangi mwenyewe halafu unatufukuza?" shangazi akanijibu. Lakini walitii, wakapunga kwa mbali.

Pale garini tukalishusha shela, mdogo wangu akavua mabuti, akavaa viatu vyake. Jeupe pe! Nilijisifu kimoyomoyo. Ndipo nikamwona mama. Amesimama hatua chache kutoka mlangoni, dera limemganda mwilini, mikono ameificha nyuma.

"Mama, hunikumbatii?" mdogo wangu akamuuliza.

"Nitakuchafua, mwanangu. Unakwenda kwa watu."

Nyimbo zikakatika. Nilitamani ardhi inimeze. Mama amemlea mwanawe mpaka leo, anamuaga kwa mbali kama mgeni, kisa mie nilitaka kitambaa kinachong'aa.

Mdogo wangu akatupa shada la maua kwenye kiti cha gari, akamrukia. Mama akainua mikono juu, hataki kumgusa, anasema "Shela, shela, mwanangu!" Halafu akashindwa. Akaishusha mgongoni kwa mwanawe, akamkaza, wakalia. Na mie nikalia, nani angenizuia? Walipoachana, mgongoni kulikuwa na viganja viwili vya zambarau, vidole vyote kumi.

Huko Kigamboni, alinisimulia baadaye, wifi yake alimuuliza mgongo umefanyaje. Akajibu, "Huyo ni mama yangu," akaenda kukaa.

Asubuhi yake nikampigia simu. Usiku nilikuwa nimeshauliza dawa ya madoa kwa kila mtu.

"Lilete shela mdogo wangu, nitalitakatisha mie."

"Aka, dada. Nipe mama."

Nikaweka sauti kubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Mama, ile chumvi yako, ndoo moja naweka kiasi gani? Sitaki hii rangi itoke."

Mama akanitazama. Nikaangalia kucha zangu. Akajifuta macho kwa upande wa kanga.

"Konzi mbili," akasema. "Na usiifikiche. Anika kivulini."