Niliwatobolea Shangazi Zangu Maneno ya Kipimo, Mama Ndiye Aliyeumia

Nimeharibu, jamani, na sina wa kumsingizia.

Nilipata kibarua mjini Lindi kwa watafiti wanaopima ubongo. Mtu anavishwa kofia ya nyaya, anasikilizishwa sentensi. Likipita neno asilolitarajia, ubongo unashtuka, mashine inaona. Maabara nyingine mbili za mbali zilipima kwa sentensi zilezile. Majibu yakifanana kote, ndipo wangeanza kuwapima wagonjwa wa kiharusi wasioweza kusema, ijulikane kama bado wanaelewa.

Mama yangu ni mmoja wao. Tangu aanguke shambani kwetu Milola hajatamka neno. Daktari wa utafiti aliniahidi kwamba hapa Lindi angeanza na yeye.

Kazi yangu ilikuwa kuleta watu wa kujaribia, nikawaleta shangazi zangu. Maskini, walidhani ni mtihani!

"Mwanangu, tusije tukaumbuka mbele ya wageni," shangazi mkubwa aliniambia.

Ningemwachaje aaibike? Siku moja tukibangua korosho uani, nikawatobolea sentensi zote nilizozisikia maabara, kama hii: "Mama kaunga mchuzi kwa kandambili!" Walicheka mpaka wakafuta machozi kwa khanga.

Siku ya kupimwa walikaa wametulia, hawana wasiwasi. Kwenye maabara nyingine ubongo ulishtuka vizuri. Kwetu, kimya!

Daktari akaniita. "Dada, kuna mtu aliwasikilizisha sentensi hizi kabla?"

"Hapana, daktari."

Ulimi wangu huu! Niliogopa kufukuzwa. Wakahangaika na nyaya, wakabadilisha kofia, wakailaumu mashine. Mwishowe wakafungasha na kuondoka. Wagonjwa watapimwa huko huko ambako majibu yalikubaliana, na mama yangu hawezi safari, hata kufika Mingoyo, humu humu mkoani, ni mateso.

Juzi nilimpigia daktari nikamwambia ukweli. Akasema, "Ungesema siku ile tungewapima watu wengine tu." Basi! Kumbe ilikuwa jambo dogo hivyo! Sasa mashine imeshapelekwa kwingine.

Shangazi mkubwa bado ananiuliza kama walifaulu. Namjibu ndiyo, na roho inaniuma.

Wenzangu, ukiharibu kazi ya watu, sema hapo hapo, hata kama utafukuzwa. Kibarua utapata kingine. Mimi kila asubuhi namlisha mama uji huku namwomba radhi. Ananitazama tu, na sijui kama ananielewa.