Nati Iliyozama Kwenye Barafu

Jumatatu moja asubuhi Mratibu wa Maabara aliniambia nibadilishe maji kwenye kikombe, nikishayagandisha niweke nati juu, kisha ninyamaze. Nilifanya yote matatu. Ningekataa hata moja tu, haya nisingeyaandika. Lakini nyie mnaoanza kazi za maabara hamwezi kujua kikombe na nati vina maana gani mpaka niwaeleze kazi yenyewe, kwa hiyo nianze na siku yangu ya kwanza.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na alama zangu zilikuwa za kawaida. Hospitali moja ya Temeke ilitaka mtu wa kuosha vyombo vya maabara. Mteknolojia Mkuu alikuwa mama wa kutoka Masasi, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo hata madaktari waliiogopa. Hakuniuliza cheti. Alinishika mkono akanitazama vidole.

"Umekula nini asubuhi?"

"Chapati, mama."

"Chapati yako usiniletee kwenye mirija yangu. Nenda kanawe mpaka kwenye viwiko, halafu urudi tuanze upya kusalimiana."

Nilikaa chini yake miaka mingi. Alinifundisha kushika pipeti, ule mrija wa kunyonya tone dogo la damu na kulihamisha bila kumwaga. Alinifundisha kupakia mashine ya kuzungusha damu kwa mizani, maana ukipakia upande mmoja inatikisika mpaka meza inatembea. Na alinifundisha nati.

"Friza haina mdomo," aliniambia. "Umeme unaweza kukatika siku nzima, ukarudi, na wewe asubuhi ukakuta kila kitu kimeganda vizuri, ukasema hakuna kilichotokea. Weka kikombe cha maji humo ndani. Yakishaganda, weka nati ya chuma juu yake. Ukiikuta juu, endelea na kazi. Ukiikuta chini, ujue barafu iliyeyuka ikaganda tena. Hapo vilivyomo humo usimwambie mtu kuwa ni vizima."

Aliitoa nati hiyo kwenye mfuko wa koti lake, akanipa. Nilipohamia maabara ya utafiti upande wa Mwenge, nilikwenda nayo.

Huko nilipewa cheo cha Msimamizi wa Friza. Friza zenyewe zilikuwa za nyuzi themanini chini ya sifuri, ndefu kama kabati la nguo, na zilihifadhi damu ya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi waliokubali kushiriki utafiti. Bosi wangu alikuwa Mratibu wa Maabara, kijana kuliko mimi, mcheshi, aliyeniita braza mbele ya wageni na mzee tukiwa wawili. Yeye ndiye aliyenieleza tulichokuwa tunatafuta, na nitajaribu kukieleza kama nilivyokielewa.

Kila chembe ya mwili ina DNA, ambayo ni kama daftari kuu la maagizo. Chembe ikitaka kutengeneza kitu hainakili daftari zima. Inanakili ukurasa mmoja tu, na nakala hiyo inaitwa RNA. Lakini zipo RNA nyingine fupi sana, ambazo hazibebi agizo la kutengeneza chochote. Kazi yake ni kuishika nakala fulani na kuizuia isisomwe. Kirusi cha ukimwi kinapoingia kwenye chembe za kinga, kinajichomeka kwenye daftari na kutoa nakala zake. Wataalamu walikuwa wameona kwamba baadhi ya RNA hizo ndogo zinaweza kuzishika nakala za kirusi pia, au kuzima vitu ambavyo kirusi kinavihitaji ili kizaliane. Ila jambo lina pande mbili, kwa sababu kirusi kilichonyamazishwa hivyo hakifi. Kinaweza kulala humo ndani, dawa zisikione, kikaamka baadaye. Swali la utafiti lilikuwa: kwa wale watu wachache ambao mwili wao unakizuia kirusi bila dawa, RNA hizi zinachangia kiasi gani?

Mmoja wa watu hao alikuwa mdogo wangu, Zuhura.

Zuhura ni fundi cherehani, anakaa Mwananyamala. Aligundulika kliniki ya wajawazito. Mtoto alizaliwa salama, mume akaondoka. Zamani zile dawa zilianzishwa pale kinga ya mtu inaposhuka, na ya kwake haikushuka. Ulipita mwaka, ikapita miaka, virusi kwenye damu yake vikawa vichache mno hata kipimo kilivitafuta kwa shida. Majirani wakasema alidanganya ili apate misaada. Mume, huko aliko, akasema ni mchawi. Zuhura alipousikia utafiti akajiandikisha mwenyewe. Kwenye mirija yetu hakukuwa na majina, kulikuwa na namba tu, lakini yake alinitajia siku ya kwanza.

"Kaka, hiyo damu yangu mnaitia kwenye mchuzi?" aliniuliza siku moja baada ya kutolewa mirija sita. "Maana mnachota kama kisimani."

Nikamweleza habari za nakala na RNA ndogo. Alinisikiliza, kisha akacheka.

"Kumbe ni pini! Nikibana karatasi ya kipimo kwa pini pale nisipotaka mkasi upite, haupiti. Basi nyie mnahesabu pini zangu."

"Ndiyo hivyo."

"Mkizijua, uniambie wewe. Usimwachie daktari, ataniambia kwa Kizungu. Nimeitwa mwongo, nimeitwa mchawi. Nataka niitwe jina langu."

Nikamwahidi.

Sasa nirudi kwenye wikiendi ile. Zamu ilikuwa yangu. Nilitakiwa kupita asubuhi na jioni, Jumamosi na Jumapili. Sikupita hata mara moja. Nilikuwa Bunju nikisimamia mafundi wakimwaga zege la msingi wa nyumba yangu, na nilijiambia kwamba jenereta ipo. Jumatatu mlinzi alinipokea getini.

"Mzee, umeme ulikatika Ijumaa jioni, umerudi jana jioni. Jenereta ilikohoa mara mbili ikazima. Nilikupigia, simu yako haipatikani."

Nilifungua friza. Kila kitu kilikuwa kimeganda. Kifaa cha kurekodi joto kilikuwa kibovu tangu miezi miwili nyuma, tulikuwa tunaandika joto daftarini kwa mkono. Nikachukua kikombe nikakiinua kwenye mwanga. Nati ilikuwa imelala chini kabisa, juu yake barafu safi.

Nilimpelekea Mratibu kikombe kama kilivyo. Alikigeuza kwenye mwanga.

"Nani mwingine ameona?"

"Mie tu."

"Wafadhili wanakuja wiki ijayo, unajua. Wakisikia hili, mradi unafungwa, vijana kumi wanarudi nyumbani. Halafu hizi RNA ndogo ni ngumu, si kama zile ndefu. Zinavumilia. Gandisha maji mengine, weka nati juu, jaza daftari."

"Bosi, chembe zikiyeyuka zinapasuka. Vilivyomo vinachanganyika vyote."

"Mzee," akasema taratibu, "Jumapili ulikuwa wapi?"

Jibu la kweli lingenifukuzisha kazi. Nikaenda bombani, nikajaza kikombe. Kwenye daftari nikaandika nyuzi joto za siku mbili ambazo sikuwepo, na nikazifanya zitofautiane kidogo kidogo ili zifanane na kweli. Mwandiko ulikuwa uleule wa kila siku. Hilo huwa linanisumbua kuliko mengine.

Miezi minne baadaye utaratibu ulibadilika: kila mwenye virusi aanze dawa mara moja, hata kama kinga yake iko juu. Ulikuwa uamuzi mzuri, umeokoa watu wengi, na Zuhura naye akaanza. Damu yake ya kabla ya dawa ilikuwa ile iliyokuwa kwenye friza yangu. Iliposomwa mwaka uliofuata, majibu yalikuwa fujo tupu: nakala zimekatika vipande, pini za ndani ya chembe zimechanganyika na zile zinazoelea nje yake kwenye damu. Daktari aliyeongoza utafiti alidhani mirija ilikuwa mibovu. Namba ya Zuhura ikaondolewa, pamoja na za wenzake waliokuwa kwenye rafu ileile. Mratibu alihamia kazi nyingine. Mimi nilibaki na friza zangu mpaka nikastaafu, nikapewa saa ya ukutani na hotuba ya kusifu uaminifu wangu.

Wiki chache baada ya kustaafu Zuhura alikuja Bunju kunitembelea. Alileta pazia alilonishonea la sebuleni, akapanda kwenye kiti akalitundika mwenyewe. Akiwa bado juu ya kiti akaniuliza:

"Kaka, sasa huna bosi. Niambie basi, pini zangu zilikuwa ngapi?"

Miaka yote nilikuwa nikimjibu kwamba wataalamu bado wanasoma. Siku ile nilishindwa. Nilimwambia habari za wikiendi, nati, kikombe kipya na daftari. Alishuka kwenye kiti, akakaa.

"Ilikuwa kabla sijaanza dawa?"

"Kabla."

"Kwa muda gani?"

"Miezi minne."

Akanyoosha mkono wake wa kushoto mezani, akaukunjua.

"Miezi minne mkono ulikuwa huu huu. Ungenipigia simu, ningekuja siku hiyo hiyo mchote tena. Ningekuja kila wiki."

Naapa, sikuwahi kuliwaza hilo. Wakati wote nilihesabu kwamba kosa langu lilikuwa kutokuwepo ile Jumapili, na kwamba damu ikishayeyuka imeyeyuka. Kumbe damu ilikuwapo bado, inatembea Mwananyamala, inashona magauni. Kilichoipoteza ni kunyamaza kwangu. Kwa sasa yuko kwenye dawa na ni mzima, na hakuna daktari wa haki atakayemwachisha ili aangalie mwili wake ungefanya nini peke yake.

Siku hizi nina muda mwingi. Nasikia kwenye maabara mpya joto la friza linajiandika lenyewe na ujumbe unaingia kwenye simu. Ni vizuri. Lakini hata ujumbe huo unampata mtu, na mtu huyo anaweza kuufuta. Nasikia pia kwamba wataalamu wa RNA ndogo bado wanabishana ni zipi zinazomsaidia mtu na ni zipi zinazomficha adui. Huenda miongoni mwa majibu yao lingekuwamo la fundi cherehani mmoja wa Mwananyamala. Halimo, na wanaojua sababu ni mimi, yeye na yule Mratibu.

Zuhura bado ananisalimia. Tukikutana msibani au harusini anakuja mpaka nilipo, anasema, "Shikamoo, kaka," naitikia, anapita. Bunju hajarudi. Hanitanii, na haniulizi kitu chochote. Nilitaka kuilinda ajira yangu, nikailinda. Gharama yake ni kwamba mdogo wangu atakufa bila kujua kwa nini aliishi, na mimi nimempoteza yeye angali hai.