Chatu wa Meneja

Juzi hapa Karatu nilimsikia kijana anayetembeza wageni akiwaeleza kwamba chatu mkubwa hulishwa mara moja tu kila baada ya wiki tatu. Wakampigia makofi. Mimi hasira zilinipanda, maana baba yangu aliyasema hayo hayo nikiwa mtoto, akachekwa.

Baba alitoka Singida kuja kuvuna kahawa, akapewa kazi ya kumtunza chatu ambaye meneja wa shamba alimfuga kwenye banda la waya. Kila wageni walipokuja, meneja alitaka chatu ale mbele yao. Alasiri moja, harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha ikiwa imetanda kote, aliagiza sungura wa tatu wiki ile.

"Wa juzi bado yuko tumboni, bwana," baba alisema. "Tukimshindilia atakufa."

"Wewe ni mchoyo hata kwa nyoka?" meneja akamjibu, na wageni wakacheka.

Nami nilicheka. Chatu alikuwa amelala bila kujitikisa, nikadhani amelegea kwa njaa. Sungura akatupwa ndani, nikasikia kucha zake zikikwaruza waya.

Baada ya siku mbili chatu alitapika, kisha akafa. Meneja akatangaza kwamba baba amemuua kwa njaa. Kwa njaa! Chatu aliyelishwa sungura watatu kwa wiki moja! Akamfukuza siku hiyo hiyo, na hakuna aliyemtetea.

Tulipokuwa tukibeba vyombo kuondoka, nami nikiwa nimeyaamini maneno ya meneja, nilimwambia, "Baba, si ungempa tu chakula?"

Alitua mzigo wake, akanitazama, kisha akaubeba tena.